Mwana wa Anga, Mwana wa Nyumba: Historia ya Mwanamke wa Angani Mbele ya Riwaya ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya mwanamke anayesafiri angani, kuanzia 1962 hadi leo, kwa kuitazama kutoka upande wa lugha na fasihi ya Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba swali lililowaandama wanaanga wa kike katika maisha halisi, yaani swali la mapenzi na familia, ndilo ambalo riwaya ya Kiswahili imelishughulikia tangu zamani na kwa undani. Hata hivyo, riwaya hiyo imemruhusu mwanamke kusafiri anapokimbia au anapopotoka, na kwa nadra sana anapoitwa na elimu. Riwaya mbili za Kiingereza, moja ya Marekani na nyingine ya Zambia, zinatumika kama kipimo. Msomaji anayezingatiwa ni mwanafunzi wa sekondari katika kata ya Sepuka, mkoani Singida.

1. Utangulizi

Mnamo Juni 2025 ilichapishwa nchini Marekani riwaya ya Taylor Jenkins Reid iitwayo Atmosphere. Mhusika wake mkuu, Joan Goodwin, ni mwalimu wa chuo kikuu mjini Houston anayefundisha fizikia na elimu ya nyota. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 anachaguliwa kuingia katika mafunzo ya wanaanga. Nyumbani ana Frances, binti wa ndugu yake wa kike, ambaye malezi yake yanamwangukia Joan kila mara mama mzazi anaposhindwa kuyabeba. Kazini anampenda mwanaanga mwenzake, Vanessa Ford, na mapenzi hayo yakijulikana yanaweza kuwanyima wote wawili kazi yao. Riwaya inafunguka kwa ajali ya Desemba 1984: Vanessa yuko angani katika chombo kilichoharibika, na Joan yuko duniani, kwenye chumba cha kuongozea safari, akiwa ndiye sauti inayozungumza na walio juu.

Riwaya hii imewagusa wasomaji wengi kwa sababu haisimulii mitambo. Inasimulia nani anamlea mtoto, nani anampenda nani, na nani anaachwa akisubiri. Msomaji wa riwaya ya Kiswahili hawezi kuyaona mambo haya kuwa mageni. Tangu Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), na hata kabla yake, fasihi yetu andishi imekuwa ikiuliza mwanamke anadaiwa nini na nyumba yake, na nyumba yake inamdai kwa haki gani. Kilicho kigeni ni mahali tu: swali lile lile limepelekwa kwenye anga la mbali.

Makala haya yanauliza kwa nini riwaya ya Kiswahili haijalifikisha swali hilo huko, ilhali lugha yenyewe imeshafika. Jibu linatafutwa katika historia, kwa kufuata hatua tatu: kwanza historia ya majina, pili historia ya matukio, tatu historia ya riwaya. Mwisho tunarudi kwa msomaji. Sepuka ni kata ya Wilaya ya Ikungi, kwenye barabara itokayo Singida kwenda Ndago, katika nchi ya Wanyaturu, wakulima wa uwele, mtama na alizeti na wafugaji wa ng'ombe. Imechaguliwa kwa sababu nadharia ya fasihi ikizungumza habari za "msomaji" bila kumpa mahali, aghalabu humfikiria mtu wa mjini. Kinachosomwa darasani Sepuka ndicho kipimo cha kweli cha kile ambacho riwaya ya Kiswahili imewapa Watanzania walio wengi.

2. Majina: mwana, Zuhura na nyota

Neno mwanaanga limeundwa kwa kanuni iliyotupa mwanamaji, mwanajeshi, mwanasheria na mwananchi. Katika maneno haya mwana si mtoto wa mzazi fulani, bali ni mtu aliye wa mahali fulani au wa shughuli fulani. Ngeli ya A-WA haibagui jinsia. Tukisema "mwanaanga amerejea", sarufi haituambii kama aliyerejea ni mume au mke; ni lazima msemaji aamue kuongeza "wa kike", na uamuzi huo ni wake, si wa lugha. Pale ambapo Kiingereza cha miaka ya 1960 kiliziita safari zenye abiria kwa neno lililobeba umbo la mwanamume, Kiswahili kilitosheka kusema chombo chenye watu.

Kuna zaidi ya hapo. Katika Kiswahili cha pwani ya kaskazini, Mwana ni jina la heshima kwa mwanamke wa hadhi. Mwana Kupona binti Msham, aliyetunga utendi wake maarufu mnamo 1858 kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima, anaitwa hivyo kwa heshima hiyo. Kwa sikio lililozoea matumizi hayo, mwanaanga lingeweza kusikika kama jina la bibi mtukufu wa anga. Hatudai kwamba waliounda istilahi walikusudia hivyo. Tunasema tu kwamba neno lenyewe halimfungii mwanamke mlango.

Jina la pili ni Zuhura. Sayari ing'aayo alfajiri na jioni inaitwa hivyo kwa Kiswahili, na jina hilo hilo hupewa watoto wa kike kutoka Lamu hadi Kigoma. Katika masimulizi ya Kiislamu yanayohusu malaika Haruta na Maruta, Zuhura ni mwanamke aliyepata neno la siri la kupandia mbinguni, akapaa, kisha akageuzwa nyota. Masimulizi hayo yana hukumu ndani yake: mwanamke mzuri aliyejua asichopaswa kujua anapanda, lakini harudi. Tutaona kwamba umbo hilo la kisa, kupanda kisha kuadhibiwa, halikubaki katika hekaya.

Jina la tatu ni nyota yenyewe, ambayo kwa Waswahili ni mwanga wa usiku na pia ni majaliwa ya mtu. Mohamed Suleiman Mohamed alizitumia maana zote mbili alipoiita riwaya yake Nyota ya Rehema (1976). Rehema anakataliwa na baba yake mzazi, anaukimbia unyonge wa nyumbani, anapitia maisha ya mjini, na hatimaye anajenga maisha na mkulima Sulubu. Nyota yake iko juu, lakini yeye hapandi kuifuata. Ni nyota inayomfuata yeye. Hivyo ndivyo anga lilivyotumika kwa kawaida katika nathari yetu: kama kioo cha majaliwa ya walio chini, na si kama nchi ya kuendewa.

3. Matukio: Tunguu na Malindi

Si kweli kwamba safari za anga zilipita mbali na Waswahili. Mnamo 1960 Uingereza na Marekani zilikubaliana kujenga kituo cha mawasiliano Tunguu, Unguja, ili kufuatilia vyombo vya mradi uliokusudia kumpeleka Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, kituo cha Zanzibar kilikuwa miongoni mwa vile vilivyozungumza naye. Kituo hicho kilipingwa na wanasiasa waliokiona kuwa mlango wa vita baridi, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya iliamuru kiondolewe.

Miezi mitano baada ya Glenn kupita juu ya Zanzibar, yaani Julai 1962, kamati ya Bunge la Marekani ilisikiliza hoja za wanawake marubani waliotaka kuwa wanaanga. Wanawake 13 walikuwa wamefaulu vipimo vya afya vilivyofanana na vile vya wanaume, vilivyofanywa na daktari William Lovelace kwa fedha zisizo za serikali. Waliozungumza mbele ya kamati ni Jerrie Cobb na Jane Hart, na Hart alikuwa mama wa watoto wanane. Glenn naye aliitwa kutoa maoni. Alieleza kwamba kutokuwapo kwa wanawake katika kazi hiyo ni jambo linalotokana na utaratibu wa jamii. Kauli hiyo inastahili kuzingatiwa. Hakusema kwamba wanawake hawawezi. Alisema kwamba jamii ndivyo ilivyopangwa. Hoja ilitoka kwenye mwili ikahamia kwenye nyumba.

Mwaka uliofuata, tarehe 16 Juni 1963, Valentina Tereshkova wa Urusi ya Kisovyeti, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo na mrukaji wa miavuli, aliruka peke yake na kuizunguka dunia mara 48 kwa muda wa karibu siku tatu. Novemba mwaka huo huo aliolewa na mwanaanga mwenzake, Andriyan Nikolayev, na Juni 1964 alijifungua binti. Madaktari walimfuatilia mtoto huyo kwa makini kwa kuwa alikuwa wa kwanza kuzaliwa na wazazi ambao wote wawili walifika angani. Baada ya hapo ilipita miaka 19 kabla ya mwanamke mwingine, Svetlana Savitskaya, kuruka mwaka 1982.

Upande wa Kenya, Waitalia walijenga uwanja wa kurushia roketi baharini, katika ghuba ya Ngwana kaskazini ya Malindi, na setilaiti ya kwanza kutoka hapo ilirushwa Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, hapo ndipo iliporushwa setilaiti ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Aliyesimamia mradi huo kwa niaba ya Marekani alikuwa mhandisi Marjorie Townsend, mama wa watoto wanne wa kiume na mwanamke wa kwanza kuhitimu uhandisi katika Chuo Kikuu cha George Washington, mwaka 1951. Kwa kuiheshimu nchi iliyowapokea, aliipa setilaiti hiyo jina la Kiswahili: Uhuru. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya miali hiyo na kutoa baadhi ya ushahidi wa mapema wa kuwapo kwa mashimo meusi. Neno letu la siasa likaingia katika vitabu vya elimu ya nyota, na aliyelipeleka huko ni mwanamke mwenye familia.

Neno hilo lilikuwa limeshafika katika sanaa pia. Mhusika Uhura wa tamthilia ya televisheni ya Star Trek, iliyoanza Septemba 1966, alipewa jina lililotokana na uhuru, na katika kipindi cha kwanza kilichorushwa maneno ya Kiswahili yalisikika. Nichelle Nichols, aliyeigiza nafasi hiyo, alitumiwa na shirika la anga la Marekani, NASA, mwaka 1977 kuwahamasisha wanawake na watu weusi waombe kazi ya uanaanga. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani, tarehe 12 Septemba 1992, ameeleza mara nyingi kwamba Uhura alimtia moyo utotoni. Jemison ni daktari. Alifika Kenya alipokuwa mwanafunzi wa udaktari, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha anazotajwa kuzijua.

Kwa hiyo Kiswahili kimekuwa katika historia hii kwa sauti, kwa ardhi na kwa jina. Hakijakuwamo kwa kisa.

4. Swali la nyumba

Mwaka 1978 NASA ilichagua wanaanga wapya 35, na miongoni mwao kwa mara ya kwanza walikuwamo wanawake sita: Sally Ride, Judith Resnik, Kathryn Sullivan, Anna Fisher, Rhea Seddon na Shannon Lucid. Kundi hili ndilo lililoufungua ulimwengu ambamo Atmosphere imewaweka wahusika wake. Ukizisoma kumbukumbu za wakati huo, utaona kwamba waandishi wa habari hawakuwauliza sana habari za roketi. Kabla ya Ride kuruka Juni 1983, aliulizwa kama safari itaathiri viungo vyake vya uzazi, na kama hulia mambo yanapoharibika kazini. Lucid alikuwa tayari mama wa watoto watatu alipochaguliwa. Fisher alipangiwa safari akiwa mjamzito na siku za kujifungua zimekaribia. Aliruka Novemba 1984, akawa mwanamke wa kwanza kwenda angani akiwa ameshakuwa mama.

Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha Challenger kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu wote saba waliokuwamo wakafa. Wawili walikuwa wanawake: Resnik, na mwalimu wa shule Christa McAuliffe, mama wa watoto wawili. Familia za wanaanga zilikuwapo uwanjani zikitazama, na wanafunzi wengi walitazama kwenye televisheni mashuleni. Tangu siku hiyo, swali la nani anayeachwa chini halikuwa tena udadisi wa magazeti. Ride alifariki Julai 2012, na taarifa ya kifo chake ndiyo iliyoujulisha umma kwamba alikuwa ameishi na mwenzi wake, Tam O'Shaughnessy, kwa miaka 27. Alikuwa amejibu maswali mengi kuhusu mwili wake na machozi yake. Kuhusu moyo wake alinyamaza hadi mwisho.

Hapa ndipo riwaya inapopata kazi. Historia huhifadhi tarehe, idadi ya mizunguko na majina. Haihifadhi kilichosemwa mezani usiku wa kuamkia safari. Atmosphere inaijaza nafasi hiyo, na inatumia kurasa nyingi kumfikisha Joan mahali ambapo anaweza kudai kuwa mzazi wa Frances. Msomaji wa Kiswahili ataligundua jambo ambalo msomaji wa Kiingereza hawezi kuliona kwa urahisi. Kwetu ndugu wa kike wa mama haitwi shangazi. Shangazi ni wa upande wa baba. Yeye ni mama: mama mkubwa au mama mdogo. Kile ambacho Joan anakipigania katika riwaya nzima, istilahi yetu ya ujamaa inampa siku mtoto anapozaliwa. Mwandishi wa Kiswahili angeanza kisa hicho kutoka mahali pengine kabisa. Asingeuliza kama Joan ni mama. Angeuliza kama mama wa aina hiyo anaweza kuondoka, na ni mama yupi kati ya wengi atakayebaki na mtoto.

5. Matha Mwamba: aliyezuiwa na mimba

Mfano wa karibu zaidi nasi unatoka Zambia. Mwaka 1964, nchi hiyo ilipokuwa ikielekea uhuru wake wa Oktoba, mwalimu na mpigania uhuru Edward Makuka Nkoloso alitangaza mpango wa kuwapeleka Wazambia kwenye mwezi na Mirihi. Aliwafunza vijana kwa kuwatia katika pipa la mafuta na kulivingirisha mlimani. Nyota wa mpango huo alikuwa Matha Mwamba, msichana ambaye hakuwa ametimiza miaka 20. Magazeti ya nje yalicheka. Fedha zilizoombwa hazikupatikana. Matha akapata mimba, na wazazi wake wakaja kumchukua. Taarifa za wakati ule hazimfuati zaidi ya hapo.

Riwaya ya Namwali Serpell, The Old Drift (2019), inaanza kumfuata pale pale. Matha wa Serpell anaachwa na kijana aliyempenda, mwanafunzi mwenzake wa mafunzo hayo ya anga. Anaanza kulia, na machozi yake hayakomi kwa miaka. Wanawake wengine wanakuja kulia pamoja naye. Anamzaa binti, naye binti anazaa mtoto wa kiume ambaye akikua anaunda vyombo vidogo vinavyoruka. Anga alilonyimwa bibi linamfikia mjukuu kwa njia nyingine. Riwaya hiyo ilipewa tuzo ya Arthur C. Clarke mwaka 2020, ambayo hutolewa kwa riwaya ya kisayansi, ingawa sehemu kubwa ya kurasa zake ni historia ya koo tatu.

Serpell anathibitisha mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza, riwaya ya mwanamke wa angani si lazima ifike angani. Inatosha imchukulie kwa uzito msichana aliyetaka kufika. La pili, kisa cha namna hiyo kwa Mwafrika ni kisa cha ukoo: mtu haanguki peke yake wala hapandi peke yake. Sifa zote mbili ni za riwaya ya Kiswahili pia. Inabaki kuuliza kwa nini haikuzitumia hivyo.

6. Riwaya ya Kiswahili na mwanamke msafiri

Chombo cha anga kimo katika riwaya ya Kiswahili. Katika Walenisi ya Katama Mkangi (1995), Dzombo anahukumiwa kifo kwa kufungiwa ndani ya chombo kitakachorushwa angani. Anafaulu kukiongoza na kutua katika nchi ambayo, kama jina lake linavyodokeza, "wale ni sisi". Hii ni kazi muhimu ya fikra za kisiasa. Lakini anayeruka ni mwanamume, na anaruka kama mfungwa. Anga ni mahali pa kuihukumu jamii iliyo chini, sawa na zinavyofanya safari za kifalsafa za riwaya nyingine za muongo huo.

Mwanamke msafiri naye yumo, ila safari yake ni ya aina nyingine. Maimuna wa Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) anatoroka nyumba ya baba mkali, na mji unammeza kabla hajapata njia ya kurudi. Rehema anatoka kwa sababu hapendwi. Sekai wa Takadini ya Ben Hanson anakimbia usiku na mwanawe mwenye ualbino ili asiuawe. Katika visa vyote vitatu mwanamke anasafiri kwa kusukumwa. Sababu ya safari iko nyuma yake, si mbele.

Rosa wa Kezilahabi ndiye anayejaribu jambo jingine, kwa kuwa safari yake ni ya elimu. Anatoka Ukerewe kwenda shule, kisha chuo cha ualimu. Zakaria, baba yake, amemlea kwa fimbo na kwa hofu ya wanaume, na akifika mbali na fimbo hiyo hana cha kumwongoza. Riwaya inailaumu nyumba kwa haki kabisa. Hata hivyo mwisho wake ni kifo cha Rosa kwa mkono wake mwenyewe. Umbo la kisa ni lile la Zuhura: msichana anapanda kwa kujua, na kujua kunamwangamiza. Tofauti ni kwamba Kezilahabi anamwonyesha aliyeiwasha moto nyumba. Kwa msomaji wa darasani, lakini, kifo hicho ni rahisi kukigeuza kuwa onyo kwa wasichana, na si onyo kwa akina Zakaria.

Inaweza kujibiwa kwamba riwaya huakisi jamii, na kwamba Tanzania haina mwanaanga wa kumwandika. Jibu hilo halitoshi. Walenisi haikungoja Mkenya arushwe ndipo imrushe Dzombo. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Kezilahabi huyo huyo ziliuacha uhalisia nyuma bila kuomba ruhusa. Vizuizi vya uhalisia viliondolewa zaidi ya miaka 30 iliyopita; kilichobaki ni mazoea. Tumezoea kumwona mwanamke kuwa ndiye nyumba yenyewe, hivyo akitoka tunasoma kwamba nyumba imevunjika.

Fasihi ya zamani haikuwa na mazoea hayo kwa ukamilifu. Utendi wa Mwana Kupona husomwa mara nyingi kama hati ya utii wa mke, na maudhui hayo yamo. Lakini tukiutazama kama tukio, ni maneno ya mama mgonjwa anayejua kwamba anaondoka, anayeketi na binti yake na kumwachia alichonacho kwa njia ya ushairi. Mama anaondoka na bado ni mama; kuondoka kwake ndiko kunakompa sauti. Mwandishi anayetafuta namna ya Kiswahili ya kumwagisha mwanaanga mbele ya watoto wake hana haja ya kuiazima Houston. Iko Pate, tangu 1858.

7. Msomaji wa Sepuka

Singida nayo ina kumbukumbu yake ya mwanamke ambaye hakupimwa kwa nyumba. Simulizi za Wanyaturu humtaja Liti, aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na husema kwamba nyuki walikuwa jeshi lake. Uwanja wa michezo mjini Singida unaitwa kwa jina lake. Tunapomsimulia Liti hatuulizi nani alipika siku ile, wala hatuambiwi kwamba aliadhibiwa kwa kuwa mwanamke. Tunaambiwa aliyaamuru yanayoruka. Mtoto wa Sepuka anayekua na kisa hiki ameshapewa, kabla ya kuingia darasani, mfano wa mwanamke mwenye uwezo ulio juu ya vichwa vya watu.

Darasani anakutana na Sekai. Takadini imesomwa kwa miaka mingi na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, na imefanya kazi njema ya kuwafundisha huruma kwa watu wenye ualbino. Sekai ni shujaa wa kweli. Lakini ushujaa wake ni wa kuokoa mtoto. Mwanafunzi wa kike anayefuatilia orodha ya vitabu atajifunza kwamba mwanamke huenda mbali kwa ajili ya mwanawe, au huenda mbali akapotea. Aina ya tatu ya safari haoneshwi.

Jambo hili si la nadharia tupu. Kwa miongo mingi mwanafunzi wa Tanzania aliyepata mimba aliondolewa shuleni, na kisa chake kikaishia hapo, kama kilivyoishia cha Matha Mwamba katika magazeti ya 1964. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana hao wanaruhusiwa kurudi katika shule rasmi. Sera imeongeza sura mpya katika kisa cha mama na elimu. Riwaya zinazosomwa darasani ziliandikwa kabla ya sura hiyo kuwapo. Rosa hakuwa na mahali pa kurudi. Msichana wa leo anapo, kisheria, lakini akifungua kitabu cha hadithi hamkuti aliyerudi, akasoma fizikia, akamwacha mwanawe kwa mama mkubwa akaenda kazini mbali sana, kisha akarejea jioni moja na kukuta mtoto amerefuka.

Kisa hicho hakihitaji roketi. Lakini roketi inakisaidia, kwa sababu inaufanya umbali uonekane. Mama anayefanya kazi Dodoma anaweza kusingiziwa kwamba hataki tu kurudi nyumbani. Mama aliye nje ya dunia hawezi kusingiziwa hivyo. Umbali wake ni wa kazi, na mapenzi yake yanapimwa kwa kitu kingine badala ya kuwapo kwake jikoni. Hiyo ndiyo faida ambayo Atmosphere imeipata kwa kumweka Vanessa juu na Joan chini, na The Old Drift kwa kumweka Matha chini na mwezi juu.

8. Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha kwamba mwanamke wa angani hakuzuiwa na mwili wake wala na mitambo. Alizuiwa, mwaka 1962, kwa jina la utaratibu wa jamii. Aliulizwa, mwaka 1983, kuhusu uzazi na machozi. Na huko Zambia mpango wake ulikatishwa na mimba. Kila mara swali lilikuwa la nyumba. Kiswahili kilikuwa karibu na historia hiyo kuliko tunavyokumbuka: Tunguu kilisikiliza, Malindi kilitoa jina la setilaiti, na neno mwanaanga halikumtenga mtu.

Riwaya ya Kiswahili ina ujuzi mkubwa wa nyumba. Inazijua hasira za baba, ukimya wa mama, uzito wa ukoo na bei ya aibu. Ujuzi huo umetumika zaidi kuonyesha jinsi nyumba inavyomwangusha mwanamke anayetoka. Unaweza kutumika pia kuonyesha jinsi nyumba inavyojipanga upya ili atoke na arudi: nani anachukua zamu ya kuchota maji, bibi anamwambia nini mtoto anayeuliza mama yuko wapi, baba anajifunza nini asichokijua. Lugha ya mambo hayo tunayo, tena kwa istilahi za ujamaa zilizo pana kuliko zile alizokuwa nazo Reid. Uhakiki wetu nao una sehemu yake: tunapofundisha Rosa Mistika, tuulize darasani si tu Rosa alikosea nini, bali pia Zakaria angefanya nini ili binti yake aende mbali na arudi salama. Mwanafunzi aliyezoea kuulizwa hivyo ndiye atakayeiandika riwaya inayokosekana.